Sakafu ya juu inalia kila nikikanyaga

SWALI: Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba mpya ya ghorofa miezi saba iliyopita. Sakafu ya juu ni ya mbao. Tulipoingia ilikuwa kimya, lakini kuanzia mwezi wa nne hivi imeanza kulia, hasa chumbani kwa mtoto, kati ya mlango na kitanda. Nikishamlaza natoka kwa kunyata, na bado anaamka. Mkandarasi anasema nyumba mpya ndivyo zilivyo, itatulia yenyewe. Mume wangu ameshanunua misumari mirefu, anataka kupigilia chumba kizima. Mimi nafikiria tutandike zulia nene yaishe. Nani kati yetu yuko sahihi?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mwenzio aiweke kando ile misumari kwanza.

Sakafu inayolia ni sakafu inayocheza. Kuna kitu chini ya mguu wako kinasogea na kusuguana na kingine: ubao na boriti, ubao na ubao mwenzake, au ubao na msumari. Hapo kwenu, kwa kuwa mlio ulianza baada ya miezi kadhaa, mimi nashuku ukavu. Mbao za ujenzi mara nyingi hufika kazini zikiwa na unyevu wa asilimia 18 hadi 20. Nyumba ikishafungwa na watu wakaishi humo, hukauka hadi asilimia 12 au chini ya hapo. Kwa urefu ubao haupungui kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana na unene husinyaa. Msumari wenyewe hausinyai. Mbao iliyoushika inapopungua, inabaki nafasi kama unene wa ukucha kati ya ubao na boriti. Ukikanyaga, ubao unashuka huku ukiusugua msumari; ukiinua mguu, unapanda tena. Huo ndio mlio wenu.

Kwa hiyo mkandarasi ana nusu ya ukweli. Kukauka kutakoma. Nafasi iliyokwisha kufunguka haitajifunga, na msumari uliolegea haukazi wenyewe. Kabla hamjagusa kitu, mwandikieni barua yenye tarehe, mtaje chumba na mahali penyewe. Someni mkataba muone ana muda gani wa kuwajibika kurekebisha kasoro. Mkianza kufumua wenyewe, kesho atasema ninyi ndio mlioharibu.

Kazi kubwa ni kutafuta. Watu wengi huiruka, nami niliwahi kuiruka. Katika chumba kimoja nilifunga skrubu zipatazo tisini, nikaondoka nikiamini nimemaliza, na mwenye nyumba akaniita wiki ileile. Tulipofungua dari ya chini tukakuta boriti moja imekaa kwenye kishikizo chake cha chuma kilicho na matundu mengi bila misumari. Kila mtu akipita, boriti nzima ilikuwa inasogea ndani ya kile chuma. Tuliijaza ile misumari iliyokosekana, mlio ukakoma. Skrubu zangu zote tisini hazikuwa na kazi pale.

Basi fanyeni hivi mchana, mtoto akiwa macho. Mmoja atembee polepole juu, mwingine asimame chumba cha chini akisikiliza. Panapolia, wekeni alama ya chaki. Kisha anayetembea asimame hapo ahamishe uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na yule aliyekuwa chini apande aweke kiganja sakafuni kando yake. Mkono utamwonyesha ubao unaonyanyuka. Mkisikia vilio hata usiku wakati hakuna anayetembea, hilo ni jambo jingine: huenda ni bomba la maji ya moto linalotanuka na kusugua boriti, na dawa yake ni kupanua tundu linamopita na kulivisha kitu laini.

Mkishapata mahali, tumieni skrubu. Msumari mpya utalegea kama wa kwanza. Kwa ubao wa milimita 22, skrubu ya milimita 50 hadi 60 inatosha. Chagueni ile ambayo sehemu ya juu, karibu na kichwa, haina nyuzi, yaani ile mizunguko inayouma mbao. Yenye nyuzi mpaka juu hushika ubao na boriti kwa pamoja huku ile nafasi ikibaki katikati, na sakafu inaendelea kulia. Toboeni tundu dogo kwanza, mmoja asimame juu ya ubao ushuke, ndipo mkaze. Boriti mtaijua kwa kufuata mstari wa vichwa vya misumari ya zamani. Msitoboe kabla ya kujua nyaya za umeme na mabomba yanapita wapi, maana hupita humohumo chini ya mbao.

Kama dari ya chini inafunguka kwa urahisi, kuna njia ninayoipenda zaidi: kabari nyembamba ya mbao iliyopakwa gundi, isukumwe kwenye nafasi mpaka ishike tu. Mkiipiga kwa nguvu itanyanyua ubao na kuzaa mlio mpya jirani. Poda ya kunyunyiza kwenye maungio hunyamazisha kwa muda, halafu mlio hurudi.

Jambo moja msilifanye wenyewe. Mkiona sakafu inabonyea, au vyombo kabatini vinatikisika mtu akipita, mwiteni mhandisi. Nimeona boriti zilizokatwa katikati ili bomba lipite, na boriti kama hizo skrubu haiziponyi.

Na zulia, mwanangu, litandikeni baada ya wiki mbili tatu za ukimya. Mkilitandika leo, mlio utafifia kidogo tu, mbao zitaendelea kusagana chini yake, na siku ya kutengeneza itabidi mling'oe ndipo mzione alama za chaki.