Ugonjwa wa Wasomi: Kwa Mnaoanza Uzamili wa Falsafa

Kile kitakachokukuta kwenye muhula wa pili kilishaandikwa mwaka 1734. Kijana wa Uskoti aitwaye David Hume, baadaye mwanafalsafa mashuhuri, umri miaka 22, alimwandikia daktari barua ndefu akieleza hali yake. Alikuwa amesoma kwa pupa miaka kadhaa, kisha ari ikazimika ghafla. Daktari mwingine, wa kwao, alikuwa amemcheka na kumwambia karibu chamani, umepata ugonjwa wa wasomi. Akampa dawa chungu, painti moja ya mvinyo mwekundu kwa siku, na amri ya kupanda farasi maili 8 au 10.

Mwili ulipona. Kalamu haikupona, na hapo ndipo pa kupaangalia. Hume alikuwa na rundo la karatasi alizojaza mwenyewe, lakini kila alipokaa kuzifanya kitabu alishindwa kuifuata fikra moja mpaka mwisho. Sababu mojawapo aliiona mwenyewe: mafundisho ya wahenga juu ya kifo, ufukara na maumivu yanamfaa mtu aliye kwenye shughuli, ila ukiwa peke yako chumbani nguvu ya akili haikuti cha kuizuia, inapotea hewani kama ngumi iliyokosa shabaha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuipa akili kitu cha kugonga. Soma kurasa 5 mpaka 8 tu kwa kikao. Mara ya kwanza soma bila kalamu. Mara ya pili tafuta hitimisho kabla ya kitu kingine chochote, na uyafuate maneno kama "kwa kuwa", "kwa hiyo" na "hata hivyo". Mara ya tatu funga kitabu, andika hoja kwa mistari iliyopewa namba: madai matatu au manne, na hitimisho chini yake. Ukishindwa kuijaza mistari hiyo bado hujaelewa, hata kama kitabu kizima kimejaa wino wa rangi. Wanafunzi wapya hupigia mstari sentensi tamu, ilhali sentensi inayobeba uzito mara nyingi ni ile kavu iliyo kabla yake. Angalia pia nani anasema. Mwanafalsafa humpa mpinzani wake nafasi ya kujieleza, tena kwa ufasaha, na kila mwaka kuna mtu anayenukuu maneno ya mpinzani kana kwamba ndiyo msimamo wa mwandishi.

Kisha iandike hoja ileile kwa Kiswahili, hata kama tasnifu yako ni ya Kiingereza. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alisisitiza zoezi hili kwa lugha za Kiafrika, na mfano wake mmoja unatugusa moja kwa moja. Ile kauli ya Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, sisi tunaisema "nafikiri, basi nipo". Itazame hiyo "nipo": ile -po ni ya mahali. Wiredu aliona jambo kama hilo katika Kiakan, lugha ya Ghana, kwamba kuwapo ni kuwapo mahali fulani, na akauliza itakuwaje basi kwa nafsi anayoizungumzia Descartes, ambayo haina mahali. Swali ni zuri mno. Lakini usikimbilie kudai kwamba sarufi imemshinda Descartes. Tunasema "Mungu yupo" bila kulazimika kutaja anakaa wapi, kwa hiyo huenda -po imeshachakaa na kubaki alama tu ya kuwapo. Ukiweza kuandika kurasa mbili ukiuonyesha upande wa kwanza, na mbili za kuujibu, una semina nzima mkononi.

Ukitaka kuitoa falsafa nje ya maktaba, jifunze namna mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka alivyofanya kazi kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliwahoji wazee, akamtenga yule anayeijua mila na kuisimulia na yule anayeihukumu kwa akili yake mwenyewe. Tofauti haionekani kwenye jibu la kwanza. Uliza "kwa nini", kisha leta pingamizi, kisha uliza kama kuna jambo la jadi analoliona si sawa. Methali peke yake haitoshi kuwa jibu. Na rekodi swali lako pia, maana mhoji anayemtilia mzee maneno mdomoni huharibu kila kitu.

Kuhusu ngazi za chuo, bora uambiwe mapema. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, kwenye mhadhara wake wa München mwaka 1917, aliwaeleza vijana kwamba kazi ya chuo ina bahati nasibu ndani yake, na akawauliza kama wataweza kuvumilia kuwaona watu wa kawaida wakiwapita mwaka baada ya mwaka. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua akili na kuacha kufundisha kwa miaka mingi, hakuwa akisema kwa nadharia. Weka madaftari mawili: moja la hoja, jingine la maombi, ada na tarehe za mwisho. La pili lifunguliwe mchana, baada ya kuandika. Ukilitanguliza asubuhi, siku imekwisha.

Saa tatu au nne za kufikiri kwa bidii zinatosha kwa siku. Hume alipozama kwenye shaka mpaka gizani, alikula, akacheza mchezo wa kete na marafiki, na aliporudi baada ya saa tatu au nne zile fikra zilimwonekea baridi na za kuchekesha. Sisi bao tunalo. Ila kukosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili si shaka ya kifalsafa, nenda hospitali.

Kwa msimamizi usipeleke kurasa 40 na kuuliza "unaonaje?" Peleka 5, juu yake swali moja: je, dai la tatu linafuata kutoka la pili? Hapo utajibiwa wiki hiyohiyo, au angalau utajua cha kumkumbushia.

Na makala ikikataliwa, iache siku tatu, kisha yagawe maoni ya wahakiki mafungu mawili: yanayogusa hoja na yanayogusa namna ilivyoandikwa. Fungu la pili ndilo hudharauliwa. Kitabu cha kwanza cha Hume, kilichotoka 1739 na 1740, hakikushtua mtu, na baadaye alisema kosa lilikuwa zaidi kwenye uandishi kuliko kwenye fikra. Mwaka 1748 akatoa sehemu ya kwanza ikiwa imeandikwa upya, fupi zaidi.