Jeraha la mtoto likikataa maelezo ya mlezi

Wewe mhudumu wa afya, ukishuku mtoto ameumizwa makusudi, mvue nguo zote, hata kama ameletwa kwa ajili ya mkono uliovimba tu. Ukimwacha na shati, ukatibu mkono na kumruhusu, huenda umemrudisha kwa aliyemuumiza. Tazama nyuma ya masikio, shingoni, matakoni, kwenye nyayo. Kisha inua mdomo wa juu: kijinyama chembamba kinachoushikiza kwenye ufizi kikiwa kimechanika kwa mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa, huenda alipigwa kofi au alisukumiwa chupa kwa nguvu.

Mtoto anayetembea huanguka, na alama zake tunazijua: magotini, miundini, kwenye paji la uso. La kukushtua ni damu iliyovia kiwiliwilini, masikioni au shingoni kwa mtoto wa chini ya miaka 4, na popote pale mwilini kwa kichanga ambaye hajafika miezi 5. Alama yenye umbo la vidole, meno au waya uliokunjwa ni nzito zaidi. Usikadirie siku za jeraha kwa kutazama rangi. Kipimo hicho hakiaminiki, na mahakamani utabanwa nacho.

Maji ya moto nayo huacha ramani. Mtoto aliyevuta sufuria ya chai huungua usoni, begani na kifuani, jeraha likififia kadiri linavyoshuka, na matone yametapakaa pembeni. Aliyetumbukizwa ana mpaka ulionyooka kama wa soksi, miguu yote miwili sawasawa, bila matone. Nyuma ya magoti ngozi inaweza kuwa nzima kwa sababu alikunja miguu.

Usikimbilie kuhukumu pia. Baka la bluu-kijivu kiunoni, ambalo watoto wetu wengi huzaliwa nalo, limewahi kudhaniwa kipigo. Damu iliyovia hubadilika ndani ya siku chache, baka hilo halibadiliki. Pima chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) na muda wa damu kuganda, usije ukadhani ugonjwa wa damu ni kipigo. Mfupa ukiwa umevunjika, fikiria matege na mifupa dhaifu ya kurithi. Makovu madogo yaliyopangika yanaweza kuwa chale za mganga, kwa hiyo uliza.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 unayemshuku, piga eksirei ya mifupa yote, halafu rudia baada ya wiki mbili. Ubavu uliovunjika leo mara nyingi hauonekani. Huonekana unapoanza kuunga. Mbavu zilizovunjika karibu na uti wa mgongo huashiria kifua kilichobanwa kwa mikono.

Wahoji walezi mmoja mmoja. Mtoto anayeongea muulize, “Ilikuwaje?”, wala usimuulize, “Baba alikupiga?” Andika maneno yao kama yalivyotoka, chora mwili, pima kila alama kwa sentimita. Kwenye faili andika kwamba jeraha haliendani na maelezo. Kumtafuta mhusika ni kazi ya polisi.

Ukiwa na shaka, mlaze wodini. Kitanda kinampa usalama wa usiku huo na kukupa wewe muda wa kumwita afisa ustawi wa jamii. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuziripoti. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 hupigwa bure. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, itafutwe, lakini matibabu ya dharura yasisubiri karatasi.

Kwa ukatili wa kingono, watoto wengi hukutwa hawana jeraha lolote. Usiandike “hakuna kilichotokea”. Andika kwamba uchunguzi haukuonyesha jeraha na kwamba hilo halipingi maelezo ya mtoto. Dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, ziendelee siku 28. Kwa msichana aliyevunja ungo, za kuzuia mimba zitolewe ndani ya saa 120.

Kabla zamu yako haijaisha, uliza nyumbani kuna watoto wengine wangapi. Nao waletwe wavuliwe nguo na kukaguliwa, hasa aliye mdogo kuliko wote.