Maswali ya Wasomaji: Steriogramu kwa Mstari wa Amri

Steriogramu ni picha inayoonekana kama nukta zilizomwagwa ovyo, lakini ukilegeza macho linaibuka umbo la pande tatu. Maswali ya safari hii yanahusu kuzitengeneza kwa amri na skripti fupi. Majibu yanatumia ImageMagick (ya kuhariri picha), GDAL (ya data za ramani) na Python (lugha ya kuandikia skripti), programu za bure zinazopatikana kwa Linux, Windows na Mac. Amri ya `magick` ni ya ImageMagick toleo la 7. Wenye toleo la 6 waandike `convert` mahali pake.

Umbo linajificha wapi hasa? Na naweza kutengeneza picha hizi bila kulipia tovuti? (Mwanafunzi wa chuo, Mombasa)

Unaweza, na msimbo wake haufiki hata mistari 20.

Umbo limejificha katika umbali kati ya marudio. Tazama ukuta wenye pambo linalojirudia huku macho yakilenga mbali kuliko ukuta wenyewe: jicho la kushoto hushika pambo moja, la kulia hushika jirani yake, na ubongo huyachukua kuwa kitu kimoja kilicho nyuma ya ukuta. David Brewster alilieleza jambo hili katika karne ya 19. Marudio yakisogeleana, kitu huonekana kuja karibu. Yakiachana, hurudi nyuma. Mwaka 1959 Béla Julesz, akiwa Bell Labs nchini Marekani, alitumia jozi ya picha za nukta kuonyesha kwamba ubongo hutambua kina hata pasipo mstari wala kivuli chochote. Mwaka 1979 Christopher Tyler na Maureen Clarke waliingiza kina hicho katika picha moja, na ndiyo aina tunayoizungumzia.

Kwanza unahitaji ramani ya kina, yaani picha ya kijivu ambamo nyeupe ni karibu na nyeusi ni mbali:

```
magick -size 1200x800 xc:black -fill white \
  -font DejaVu-Sans-Bold -pointsize 260 \
  -gravity center -annotate 0 "SIMBA" kina.png
```

Kisha `pip install numpy pillow`, na hifadhi msimbo huu kwa jina `fiche.py`:

```
import sys
import numpy as np
from PIL import Image

kina = np.asarray(Image.open(sys.argv[1]).convert("L")) / 255.0
P, S = int(sys.argv[3]), int(sys.argv[4])
h, w = kina.shape
rng = np.random.default_rng(7)
toka = rng.integers(0, 256, (h, w, 3), dtype=np.uint8)
sep = P - np.rint(S * kina).astype(int)
safu = np.arange(h)
for x in range(P, w):
    c = x - P // 2
    toka[:, x] = toka[safu, x - sep[:, c]]
Image.fromarray(toka).save(sys.argv[2])
```

Iendeshe hivi: `python3 fiche.py kina.png fiche.png 120 40`. P ni upana wa mkanda unaojirudia kwa pikseli, na S ni msogeo mkubwa kabisa, ule wa sehemu nyeupe. Kila pikseli inanakili ile iliyo kushoto kwake kwa umbali wa P, ukipunguzwa kadiri ya weupe wa ramani.

Angalieni sana mstari wa `c = x - P // 2`. Skripti nyingi zinazozunguka mtandaoni husoma kina pale pale kwenye x, na matokeo yake umbo zima huhama nusu mkanda kuelekea kushoto. Pikseli mbili zinazounganishwa huonekana kama nukta moja iliyo katikati yao, kwa hiyo kina nacho kisomwe katikati. Kwa sababu hiyo hiyo, acheni ukingo mtupu wa angalau nusu mkanda kila upande wa ramani. Epukeni pia mistari myembamba: herufi nyembamba kuliko robo ya mkanda hupotea kati ya nukta.

Kwa S, kaeni kati ya moja ya tano na moja ya tatu ya P. Kanuni waliyoichapisha Thimbleby, Inglis na Witten mwaka 1994 inatoa moja ya tano: mandhari ya mbali hupata nusu ya umbali kati ya macho, na sehemu ya karibu kabisa hupata asilimia 40 ya umbali huo. Ukivuka moja ya tatu, macho hushindwa kuruka kutoka nyuma kuja mbele na umbo hupasuka.

Kwenye skrini naiona vizuri, lakini nikiichapa hakuna kitu. (Msomaji, Bujumbura)

Pima mkanda kwa rula kwenye karatasi. Kwenye skrini ya nukta 96 kwa inchi, mkanda wa pikseli 120 una sentimita 3.2. Picha ile ile ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, mkanda unabaki na sentimita 1 tu, kina kinakuwa hafifu, na macho yanarukia marudio ya pili au ya tatu. Sentimita 2.5 hadi 3.5 ndicho kipimo kinachowafaa wengi. Karibu maswali yote ya "haionekani" yanaishia hapa: watu huhesabu pikseli, ilhali macho hufuata sentimita.

Kuna na tatizo la pili. Pikseli moja kwa nukta 300 haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na wino ukisambaa nukta huungana zikawa kijivu. Tengeneza picha ndogo, kisha uikuze kwa namba kamili. Kwa A4 ya kulala, ramani iwe 877x620, P iwe 88 na S iwe 29:

```
python3 fiche.py kina.png ndogo.png 88 29
magick ndogo.png -sample 400% -density 300 -units PixelsPerInch a4.png
```

Unapata 3508x2480 yenye mkanda wa takriban sentimita 3. Tumia `-sample`, si `-resize`, kwa maana `-resize` hulainisha kingo za nukta. Kwenye dirisha la printa chagua asilimia 100. Mpangilio wa kutosheleza ukurasa hubadilisha kipimo bila kukuambia.

Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa na kubanwa, na nukta za bahati nasibu ndizo zinazoumia zaidi kwa ubanaji wa JPEG.

Nilionyesha kwa projekta darasani. Wanafunzi 40 na hakuna aliyeona. (Mwalimu, Iringa)

Wanafunzi wako hawana kosa. Ikiwa picha ya pikseli 1200 imetandazwa kwenye ukuta wa mita 2, mkanda wa pikseli 120 unakuwa na sentimita 20. Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban sentimita 6.3, ya mtoto pungufu ya hapo. Ili kuunganisha marudio ya sentimita 20 kwa kulegeza macho, kila jicho lingepaswa kugeuka nje, jambo gumu mno kwa macho.

Njia ya kwanza ni kuongeza mikanda. Kwa projekta ya pikseli 1920 kwenye upana wa mita 2, P ya 48 inatoa sentimita 5. S iwe 14 hivi. Kina kitakuwa na ngazi chache, kwa hiyo tumia maumbo makubwa na sahili: duara, mraba, herufi moja.

Njia ya pili ni kuwaelekeza wapishanishe macho, yaani walenge mbele ya ukuta badala ya nyuma. Geuza ramani kwanza kwa `magick kina.png -negate kinyume.png`, kwa sababu kwa mtazamo huu karibu na mbali hubadilishana. Aliye mita 4 kutoka ukutani, kwa mkanda wa sentimita 20, macho yake yanapaswa kukutana takriban mita 1 mbele ya uso. Mwenzake wa mbele anyooshe kalamu hapo, naye aitazame kalamu huku akiuzingatia ukuta ulio nyuma yake.

Weka pia nukta mbili za mwongozo zilizoachana kwa P kamili. Zikionekana tatu, macho yako mahali pake. Kwa picha ya 1200 yenye P ya 120:

```
magick fiche.png -fill red -draw "circle 540,20 548,20" \
  -draw "circle 660,20 668,20" mwongozo.png
```

Mwanafunzi mwenye kengeza au jicho moja hafifu anaweza asione kamwe, hata ajitahidi vipi. Asilazimishwe mbele ya wenzake.

Je, umbo linaonekana limezama badala ya kuchomoza? Basi unapishanisha macho bila kujua. Legeza macho yalenge mbali, au tumia `-negate` kama hapo juu.

Naweza kupata Kilimanjaro? Nilitumia picha yake ya kamera kama ramani ya kina, ikatoka vurugu. (Msomaji, Moshi)

Mwanga si kina. Katika picha ya kamera theluji nyeupe itasogea karibu na msitu utazama, hata kama msitu ndio ulio mbele yako. Unachohitaji ni urefu halisi wa ardhi, na huo upo bure: data ya SRTM iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, kila pikseli takriban mita 30. Kibo kiko kwenye faili la S04E037, karibu sana na ukingo wake wa kaskazini, kwa hiyo chukua na S03E037 uyaunganishe:

```
gdalbuildvrt kili.vrt S03E037.hgt S04E037.hgt
gdal_translate -of PNG -ot Byte -r average \
  -projwin 37.0 -2.85 37.75 -3.35 \
  -scale 800 5895 0 255 -outsize 1200 800 kili.vrt kili.png
```

`-scale` inafanya mita 800 kuwa nyeusi na kilele cha mita 5895 kuwa nyeupe. Mlima utauona kutoka juu, Kibo kikikujia usoni na Mawenzi mashariki yake. Ni picha nzuri kwelikweli, na naisihi kila shule yenye somo la jiografia iichape.

Ila ukitumia S ya 40 utaona matuta, kama shamba la ngazi. Kina kina ngazi nyingi sawasawa na S, basi: mita 5095 ukigawanya kwa 40 ni mita 127 kwa kila ngazi. Tibu kwa kupanua mlalo mara 4 kisha kuurudisha:

```
magick kili.png -resize 400%x100% pana.png
python3 fiche.py pana.png pana2.png 480 160
magick pana2.png -scale 25%x100% -normalize kili3d.png
```

Sasa kila ngazi ni mita 32. `-normalize` inarudisha ukali wa rangi unaopungua nukta zinapochanganywa.

Kingo za kulia za herufi zina vivuli vya ajabu. (Mwanafunzi, Kampala)

Ni mwangwi. Unapotoka kwenye herufi kurudi nyuma, umbali unaongezeka ghafla na skripti inanakili pikseli ambazo imeshazinakili. Eneo hilo huonwa na jicho moja tu, hivyo lipewe nukta mpya. Andika `baki = np.zeros(h, int)` kabla ya kitanzi, na badili mstari wa mwisho wa kitanzi uwe:

```
    ruka = sep[:, c] - sep[:, c - 1]
    baki = np.maximum(baki - 1, 0) + np.where(ruka > 2, ruka, 0)
    ok = baki == 0
    toka[ok, x] = toka[safu[ok], x - sep[ok, c]]
```

Nukta mpya hazihitaji kutengenezwa, kwa kuwa `toka` ilijazwa nukta za bahati nasibu tangu mwanzo.

Badala ya nukta, naweza kutumia kitambaa? (Fundi cherehani, Tanga)

Ndiyo. Kitenge chenye michoro midogo iliyojaa kinafaa sana. Kwa kanga chukua pindo: sehemu ya mji mara nyingi ina eneo pana la rangi moja, na pasipo mchoro macho hayana cha kulinganisha, kina hufutika hapo. Kata kipande, kipunguze, kisha ukirudie kwenda chini:

```
magick kitenge.jpg -resize 120x kidogo.png
magick -size 120x800 tile:kidogo.png mkanda.png
```

Ndani ya skripti, baada ya mstari wa `toka = ...`, ongeza `toka[:, :P] = np.asarray(Image.open("mkanda.png").convert("RGB"))`. Hapa usiongeze dawa ya mwangwi ya jibu lililotangulia, maana itamwaga nukta za rangi juu ya kitambaa. Mchoro utazidi kupindika kuelekea kulia, kwani kila mkanda hurithi mapengo ya uliotangulia, kwa hiyo sogeza umbo kuu kidogo kushoto kwenye ramani, na S isizidi moja ya tano ya P.