Chubwi ya nyuma huuficha mshipi, na samaki pia

Kulikuwa bado giza kengele ya fimbo yangu ya kuvulia ya kushoto, ile inayolia mshipi ukisogea, ilipolia mara moja, "pii", kisha kimya. Nikatoa kichwa nje ya blanketi, nikamulika tochi. Kiashirio, kile kizito kidogo kinachoning'inia kwenye mshipi na kupanda au kushuka unaposogea, kilikuwa kimeshuka kidogo mno, labda upana wa ukucha. Nikajisemea ni jani limepita kwenye mshipi, nikalala tena. Kulipopambazuka nikainua ile fimbo nitupe upya, ikapinda papo hapo. Kapi, yule samaki wa maji baridi niliyekuwa nikimvizia, alikuwa amenasa tangu usiku, na alikuwa amejichimbia kwenye magugu maji, karibu na ukingo kuliko pale nilipokitupa chambo. Nilivuta, akavuta, ndoana ikachomoka.

Kosa halikuwa la kengele. Ilikuwa mpya, na betri nilikuwa nimezibadilisha siku ileile. Kosa lilikuwa chubwi ya nyuma.

Kwa ambaye hajaitumia, nazungumzia ile chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) ndogo ya ziada inayowekwa kwenye mshipi nyuma ya chubwi kuu, yaani upande wa mvuvi, ili mshipi ulale chini kabisa badala ya kukatiza majini kama kamba ya kuanikia nguo. Kuna ya kubana: unaibana kwenye mshipi baada ya kutupa, inazama chini ya ncha ya fimbo, na ina kamba yake iliyofungwa kwenye kigingi ukingoni. Samaki akinaswa nawe ukainua fimbo, kibanio kinaachia. Na kuna ya kuteleza: hii imetobolewa katikati, inakaa kwenye mshipi wenyewe na kutua umbali mfupi nyuma ya chambo, kule kule kapi anakolia.

Sababu ya kuitumia ni ya kweli, sibishi. Kapi ni samaki mnene mwenye mwili mpana, na mshipi uliokazwa majini anaugusa kwa mapezi au kwa ubavu. Akiugusa hushtuka, na kengele yako inalia bure. Kwenye maji meupe yasiyo na kina kirefu nimewahi kuona kundi zima likigeuka mara tu wa mbele alipougusa mshipi. Ukiulaza chini, wanapita juu yake. Milio ya uongo inapungua na usingizi unakuwa mtamu. Tatizo ni kwamba milio ya kweli nayo inapungua.

Baada ya yule samaki niliamua kujionea mwenyewe. Nilimwomba rafiki yangu tunayevua naye aingie majini hadi magotini, mahali peupe, aishike chubwi kuu mkononi. Mimi nikabaki kwenye fimbo. Kwanza bila chubwi ya nyuma, mshipi umekazwa: alisogeza mkono upana wa kidole tu, kengele ikalia. Kisha nikabana chubwi nzito ya nyuma, ile niliyokuwa nikiitumia siku zote. Akavuta kuelekea katikati ya maji. Alishamaliza kama shibiri nzima ndipo ikatoka "pii" moja. Halafu nikamwambia aje upande wangu, taratibu, kama kapi anayerudi ukingoni. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Kiashirio kimetulia tuli. Akasimama akaniuliza, "Mzee, nije mpaka huko ulipo?"

Hizo hatua tatu ndizo zilizonipokonya samaki wangu. Mshipi unapotoka kwenye ncha ya fimbo unashuka hadi kwenye chubwi ya nyuma, hapo unapinda, kisha unalala chini hadi kwenye chubwi kuu. Penye kila pindo pana msuguano, na kadiri pindo linavyokuwa kali ndivyo msuguano unavyozidi. Samaki akivuta kwenda mbali, nguvu yake inafika, ingawa imechelewa na imepungua. Akija kwako, mambo yanaharibika. Mshipi ulio kati yake na chubwi ya nyuma unalegea chini ya maji. Kiashirio kilitakiwa kidondoke kwa uzito wake, lakini hakina nguvu ya kuuvuta huo ulegevu kupitia kwenye pindo. Kwa hiyo kinakaa palepale, na wewe unakoroma.

Ukitaka kujua kwa nini sekunde chache zina thamani, mwangalie kapi anavyokula. Hufyonza chambo, hukionja, na akihisi kitu asichokipenda hukitema. Chubwi kuu nzito humfanya ajichome mwenyewe anapogeuka, ndiyo maana wengi hupata samaki hata kwa vifaa visivyosikia vizuri. Lakini aliyejichoma kidogo anatikisa kichwa, anasogea kushoto na kulia akijaribu kuing'oa ndoana. Mitikisiko hiyo midogo ndiyo chubwi ya nyuma humeza kwanza.

Sijaitupa yangu. Nimebadilisha pa kuitumia. Nikivua karibu, chini ya mita thelathini hivi, na chini ni tambarare, naiweka nyepesi kadiri inavyotosha kuuzamisha mshipi na si zaidi. Nikivua mbali siigusi, kwa sababu nailoni yenyewe hunyumbuka, na umbali ukiongezeka mnyumbuko huo unakula taarifa ya kutosha bila msaada wa pindo. Palipo na tuta la changarawe kati yangu na chambo ndiyo marufuku kabisa. Chubwi ikiushusha mshipi nyuma ya tuta, mshipi unakwaruzwa juu ya mawe kama msumeno na samaki akikimbia unakatika. Hapo nainua ncha za fimbo juu na kuvumilia milio ya uongo.

Ile ya kubana ina ujinga wake mwingine. Kamba ikiwa fupi kuliko kina cha maji, chubwi haifiki chini. Inaning'inia kwenye mshipi na kuyumba, ikishindana na kiashirio, na kila kiwimbi kinakuwa "samaki". Pima kina kwanza. Na ile ya kuteleza hakikisha inaweza kutoka kwenye mshipi ukikatika, samaki asiende akiburuta uzito. (Uingereza, tangu 1987, chubwi za risasi za kati ya gramu 0.06 na 28.35 haziuzwi kwa uvuvi, kwa kuwa ndege wa majini walikuwa wakizimeza na kufa. Chubwi za nyuma nyingi ziko ndani ya uzito huo, hivyo za tangsteni ni bora popote ulipo.)

Kitu kilichonisaidia kuliko chubwi yoyote ni mshipi wenyewe. Florokaboni ina uzito wa takriban mara 1.78 ya maji na inazama yenyewe. Nailoni ni kama 1.14, inazama kwa kujivuta. Mshipi wa kusukwa wa polithini ni mwepesi kuliko maji, unaelea, na huo ndio unaolilia chubwi ya nyuma kuliko yote. Siku hizi natumia florokaboni kwa maeneo ya karibu, naiacha ilegee kidogo, inajilaza chini kwa kufuata umbo la ardhi bila pindo kali hata moja. Kwa nailoni, nachovya ncha ya fimbo majini baada ya kutupa, navuta kidogo, nasubiri dakika kadhaa kabla ya kukaza. Mshipi mpya una mafuta kidogo, ukiupangusa kwa kitambaa chenye sabuni ya vyombo unazama haraka zaidi.

Na pale ninapolazimika kubana chubwi ya nyuma, naning'iniza kiashirio kizito zaidi, katikati kati ya fimbo na ardhi, ili kiwe na nafasi ya kupanda na ya kushuka pia. Kabla ya kulala nachukua alama: kimelingana na fundo gani la kigingi. Ikitoka "pii" moja usiku, simuliki majini. Namulika kile kiashirio, na kikiwa chini ya alama yake hata kwa upana wa ukucha, naishika fimbo.