Kupasuliwa hospitali si "dissect"

Mdogo wangu, mwalimu hakukuonea. Umeandika kwenye insha "The doctor dissected my mother", ukimaanisha mama alipasuliwa tumbo akapona, naye akaipiga mstari mwekundu. Sisi kwa Kiswahili tunapasua kila kitu: kuni, mbao, chura wa maabara, na mgonjwa pia. Kiingereza hakina ukarimu huo.

Dissect ni kupasua mmea au kiumbe, kwa kawaida kilichokwisha kufa, na kukitenganisha sehemu kwa sehemu ili usome kilivyoundwa. Mkumbuke yule chura wa baiolojia: kalazwa chali kwenye sinia la nta, miguu imebanwa kwa pini, unachana ngozi polepole, unachora moyo na ini. Sasa msomaji wako anamwona mama yako kwenye sinia lile! Andika "The doctor operated on my mother", na hiyo "on" usiisahau.

Usiichanganye pia na bisect ya jiometri, ya kugawa pembe nusu kwa nusu. Dissect ina s mbili kwa sababu imetoka kwenye Kilatini: dis ni kutenganisha, secare ni kukata.

Ukikuta mtu ana-dissect hotuba au bajeti, hakuna kisu hapo. Anaichambua, neno lile lile tunalotumia kwa mchicha na pamba.