Kupanda kiwango kwenye chesi

Dogo, umesema unapiga gemu 30 za dakika 3 kila siku na hupandi, mi naona hizo za haraka ndo zinakumaliza. Cheza mbili tu za dakika 15, ukifungwa usikimbilie nyingine, irudie mwenyewe utafute ulipoharibu kabla hujaiuliza injini, ile programu ya kuchambua gemu. Mafumbo ya Lichess, ile tovuti ya chesi, ni bure, piga 10 ila usibahatishe. Halafu jifunze mwisho wa gemu jamani, mfalme na askari mmoja! Wafalme wakitazamana na kiboksi kimoja cha ubao katikati, ambaye sio zamu yake ndo ana nguvu, hiyo niliielewa nikiwa na ubao mezani, baridi ya Julai hapa Uyole, Mbeya, sare zangu nyingi zikageuka ushindi. Jumamosi uje Mwanjelwa tukae na ubao.