Usisubiri matokeo ya A level ndipo uombe Kanada

Mdogo wangu, umeuliza kama ni lazima matokeo ya A level yatoke kwanza ndipo uombe chuo kikuu Kanada. Hapana. Masomo kule huanza Septemba na maombi hufungwa miezi mingi kabla. Tuma alama zako za O level pamoja na makadirio ya walimu wako; matokeo kamili yatafuata.

Hakuna dirisha moja la maombi la nchi nzima. Maombi mengi ya vyuo vikuu vya jimbo la Ontario hupitia OUAC, kituo chao cha pamoja cha kupokea maombi; Chuo Kikuu cha McGill, kilicho jimbo la Quebec, unaomba kwao moja kwa moja. Kila ombi lina ada yake, kwa hiyo chagua vichache unavyovitaka kweli.

Kama karo ndiyo kikwazo, muone mwalimu mkuu wiki hii hii. Ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto hulipia karo, vitabu na malazi kwa miaka minne, lakini shule ndiyo inayokupendekeza, tena mwanafunzi mmoja tu. Inaniuma sana kijana mwenye uwezo anapoukosa kwa sababu hakuna aliyeijulisha shule yake mapema.

Ukikubaliwa, shughulikia kibali cha masomo mara moja. Tangu 2024 waombaji wengi wa shahada ya kwanza huhitaji pia barua ya uthibitisho kutoka jimbo kilipo chuo. Kiulize chuo namna ya kuipata.